Nani Mkuu wa Kusikilizwa? Historia ya Beni, Kikwit na Malawi Yetu

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo limetugombanisha sisi wenyewe ndani ya kikundi.

Februari 2022 serikali ya Malawi ilitangaza kwamba mtoto mmoja wa Lilongwe amepooza kwa polio. Alikuwa msichana wa miaka 3. Malawi haikuwa imeona polio tangu 1992, na Agosti 2020 tu Afrika nzima ilikuwa imetangazwa kuwa haina tena polio ya asili, yaani ile isiyotokana na chanjo. Wataalamu walipokichunguza kirusi kile wakakuta ni ndugu wa kirusi cha Pakistan. Mwezi Machi kampeni ikaanza: matone mdomoni kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5, nchi nzima, karibu watoto milioni 3. Timu zikapita nyumba kwa nyumba, wino kwenye kidole cha mtoto, alama ya chaki mlangoni.

Baadhi yetu tulitembea na timu hapa Dzaleka kutafsiri Kiswahili. Nyumba moja tulimkuta mama wa Beni. Alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Wanangu, mimi nikipelekaka mtoto wa homa kwa dakitari nakaa foleni tangu asubuhi, narudiaka na panadol. Leo munakuya mpaka kwangu, mbio mbio, na dawa ya ugonjwa ambayo sijaionaka. Kwa nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulisema tu, "Mama, ni wataalamu wamesema." Akacheka kidogo, akasema hata kule Beni wataalamu walisema. Akafunga mlango. Mtoto wake hakupata matone siku ile.

Wiki hiyo tulikuwa Old Town, tumekaa ndani ya minibasi tunasubiri ijae, na mabishano yakaendelea. Mmoja wetu akasema yule mama ni mjinga tu, daktari kasoma miaka 7, wewe hujasoma, nyamaza upokee. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwingine akamrukia: mkuu yupi? Akakumbusha mambo ya 2021. Machi ya mwaka ule Malawi ilipokea dozi 102,000 za AstraZeneca kutoka Umoja wa Afrika, zimebakiza wiki zisizozidi 3 kabla ya kuisha muda. Aprili Shirika la Afya Duniani likasema msiziharibu bado, huenda muda utaongezwa. Mei likasema ziharibuni. Tarehe 19 Mei 2021 dozi 19,610 zilichomwa moto hapo Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, mbele ya kamera. "Sasa hao ndio wakuu?" akauliza. "Leo hivi, kesho vile?"

Minibasi ilijaa tukaondoka, lakini swali lilibaki. Sisi si madaktari. Hatuna maabara. Ni lini mtu kama sisi anapaswa kusema "hili sijui, namfuata anayejua", na ni lini ana haki ya kusema "hapana, hapa nijibuni kwanza"? Tukaamua kuirudia historia, na tukaanzia palepale yule mama alipotoka.

BENI NA BUTEMBO

Tarehe 1 Agosti 2018 Kongo ilitangaza Ebola katika Kivu Kaskazini. Ilionekana kwanza Mangina, si mbali na Beni. Mpaka inatangazwa kuwa imekwisha, 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Duniani ni mlipuko wa pili kwa ukubwa, baada ya ule wa Afrika Magharibi wa 2014 mpaka 2016.

Wengi wetu tunajua Beni ilikuwa katika hali gani kabla ya siku hiyo. Tangu Oktoba 2014 watu wa vijiji vya kandokando walikuwa wanachinjwa usiku. Jeshi lilikuwepo, walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwepo, na bado watu walizikwa kila mwezi. Miaka karibu 4 walilia hakuna aliyekuja mbio. Ebola ikaja, na ghafla magari mapya yakajaa barabarani, ndege, wageni, ofisi, mishahara ya dola. Watu wakauliza: kumbe mlikuwa na uwezo wa kuja? Kumbe kufa kwetu kwa panga hakukuwa dharura?

Ndipo likazaliwa lile neno la "biashara ya Ebola". Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na utafiti ukachapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Lancet la magonjwa ya kuambukiza. Mtu 1 kati ya 4 alisema Ebola haipo. Chini ya theluthi moja walisema wanaamini kwamba viongozi wa mahali pao wanatetea maslahi yao. Na wale wasiokuwa na imani ndio hao hao ambao hawakutaka chanjo wala kwenda kituo cha afya.

Halafu likaja la uchaguzi. Mwisho wa Desemba 2018, siku chache kabla ya kura ya rais, tume ya uchaguzi ikaahirisha kura ya Beni na Butembo mpaka Machi 2019. Moja ya sababu iliyotajwa ilikuwa Ebola. Lakini rais angeapishwa Januari! Yaani kura zao hazingehesabiwa. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalikuwa wazi, shule zilikuwa wazi, ila kisanduku cha kura ndicho chenye kuambukiza. Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha Ebola pale Beni. Siku ya kura yenyewe, wakaazi wa Beni walipanga foleni wakapiga kura yao ya mfano, wakinawa mikono kabla ya kupiga.

Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili watu wenye silaha waliingia hospitali ya chuo kikuu Butembo wakamuua Dkt. Richard Mouzoko, daktari kutoka Kameruni aliyekuja kusaidia. Alikuwa kwenye mkutano na wenzake.

Tukifika hapa tunapaswa kusema ukweli wote, hata unaouma upande wetu. Waliosema Ebola haipo walikosea. Wengi waliwaficha wagonjwa nyumbani, wakawaosha maiti kwa mikono mitupu, na familia zikafa moja baada ya nyingine. Chanjo ile ilifanya kazi, na zaidi ya watu 300,000 waliipata. Mwenye kuikataa kwa sababu ya hasira ya uchaguzi alikuwa na haki ya kukasirika, lakini kirusi hakikujua habari za uchaguzi.

Na pia waliolalamika hawakukosea kila kitu. Tazameni wenyewe. Katika mwaka huo huo wa 2019 surua ilienea Kongo nzima, na kufikia Januari 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 6,000, karibu mara 3 ya Ebola. Wengi walikuwa watoto wadogo. Surua ina chanjo ya zamani na ya bei nafuu. Kwa nini pesa na kamera zilikuwa upande mmoja? Machi 2020 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu waziri wa zamani wa afya kifungo kwa fedha za Ebola. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe ilitoa ripoti kuhusu unyanyasaji wa kingono uliofanywa na watu waliokuja kupambana na Ebola: watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo. Wanawake waliahidiwa kazi kwa sharti la kulala na wakubwa. Mama wa Beni alikuwa anasema hayo sokoni muda mrefu kabla ya tume yoyote.

Somo la kwanza tulilopata ni kwamba kulikuwa na maswali mawili na watu wakayachanganya. Swali moja: je, Ebola ipo, inaambukizaje, chanjo inakinga? Hilo ni swali la maabara na hesabu, na aliyelisomea anajua kuliko sisi. Swali la pili: ni ugonjwa upi upewe pesa kwanza, nani aajiriwe, kura ipigwe au isipigwe, maiti azikwe vipi? Hilo haliishii kwenye maabara. Hapo mkulima wa Mangina ana neno sawa na profesa, maana anayebeba matokeo ni yeye. Wakubwa walitumia heshima ya swali la kwanza kujibu la pili. Wananchi nao wakatumia hasira ya swali la pili kukataa la kwanza. Pande zote mbili zililipa, ila makaburi yalikuwa ya upande mmoja zaidi.

WATAALAMU WAKIGOMBANA WENYEWE

Mtu atasema: sawa, nitamfuata mtaalamu kwenye swali la maabara. Je, wakigombana wao kwa wao?

Historia ya Kikwit inasaidia hapa. Mwaka 1995 Ebola ililipuka katika mji huo wa magharibi mwa Kongo. Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani mwenzetu ambaye tangu 1976 alikuwa amefika Yambuku kwenye mlipuko wa kwanza kabisa, alijaribu jambo. Alichukua damu ya watu waliopona akawaongezea wagonjwa 8. Wagonjwa 7 wakapona. Kwa ugonjwa uliokuwa unaua wengi kiasi kile ilikuwa habari kubwa. Lakini wataalamu wa nje walisita. Walisema wagonjwa 8 ni wachache, hakukuwa na kundi la kulinganisha, huenda hao wangepona tu.

Sisi tuliposoma hapo tulikasirika haraka: aha, ni kwa sababu ni Mwafrika! Huenda na hilo lilikuwemo. Lakini tulipotulia tukaona kwamba pingamizi lenyewe lilikuwa la haki. Watu 8 kweli ni wachache. Jibu la pingamizi kama hilo ni jaribio kubwa zaidi, na Muyembe alibaki kwenye njia hiyo miaka zaidi ya 20. Kutoka damu ya mtu aliyepona Kikwit, watafiti wa Kongo na Marekani walitoa kingamwili wakatengeneza dawa. Novemba 2018, katikati ya vurugu za Kivu Kaskazini, jaribio likaanza kulinganisha dawa 4. Agosti 2019 matokeo yalikuwa wazi kiasi kwamba mbili zikaachwa. Kwa wagonjwa waliopewa ile yenye asili ya Kikwit walikufa 35 katika 100, na dawa nyingine ilifanya karibu sawa nayo, 34. Kwa zile mbili zilizoachwa walikufa 50 na 53. Mwaka huo huo, Julai, Muyembe alikuwa amepewa kuongoza mapambano yote ya Ebola.

Kwa hiyo wataalamu kugombana peke yake si dalili ya uongo. La kuangalia ni wanagombana kwa kutumia nini. Wakileta hesabu, wakarudia jaribio, wakakubali likiwashinda, basi ugomvi wao unatufaa sisi wote. Na ugomvi ukishaisha, wengi wao kutoka nchi mbalimbali wakifika mahali pamoja, sisi tusiosoma hatuna sababu nzuri ya kubaki nyuma tukishikilia ubishi wa zamani.

"LEO HIVI, KESHO VILE"

Turudi kwa ndugu yetu wa Old Town na malalamiko yake. Hapa Malawi kuna mfano mzuri ambao wengi hatuufahamu, ingawa tunaumeza kila mwaka wa mvua.

Zamani dawa ya malaria ilikuwa klorokwini. Kila mtu aliijua, chungu, inawasha mwili, ila inaponya. Baadaye vimelea vikaizoea. Mwaka 1993 Malawi ikawa nchi ya kwanza Afrika kuiacha klorokwini na kutumia Fansidar. Fikirieni wazee walivyosema: jana mlituambia hii ndiyo dawa, leo mnasema haifai? Lakini wataalamu walikuwa wamehesabu watoto ambao walipewa dawa na hawakupona. Miaka ikapita, Fansidar nayo ikashindwa. Mwaka 2007 nchi ikahamia kwenye LA, ambayo wote tunaijua, ile ya vidonge vya njano vya asubuhi na jioni kwa siku 3. Na katikati yake kukatokea jambo la ajabu: watafiti pale Blantyre waliijaribu tena klorokwini kwa watoto, na mwaka 2006 wakatangaza kwamba watoto 79 kati ya 80 walipona. Vimelea vilikuwa vimeisahau dawa, kwa sababu nchi ilikuwa imeacha kuitumia.

Sasa nani alidanganya hapo? Hakuna. Vimelea vilibadilika, na watu waliokuwa wanapima wakabadilika navyo. Mtu ambaye angeshikilia neno la 1985 mpaka 1995 ili aonekane ana msimamo angeua watoto.

Hata zile chanjo zilizochomwa 2021. Swali la kama dozi inaweza kuongezewa muda ni swali la kweli, lilikuwa linapimwa. Kosa kubwa lilikuwa kuzileta zikiwa zimebakiza siku chache, na kosa hilo halikuwa la maabara, lilikuwa la wenye maghala na wenye mikataba. Tena tofautisheni maswali mawili.

MAHALI AMBAPO MTAALAMU WA KARIBU ALIJUA ZAIDI

Lakini msije mkafikiri tunasema Geneva ni mkuu siku zote. Mwaka 2010 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulisema mama mjamzito mwenye VVU apimwe chembe za CD4, na matokeo ndiyo yaamue kama ataanza dawa za maisha. Kwenye karatasi ni safi kabisa. Lakini kliniki nyingi za vijijini Malawi hazikuwa na mashine ya CD4. Mama angetembea kilomita ngapi, arudi mara ngapi, huku mimba inakua?

Wataalamu wa Wizara ya Afya ya Malawi wakasema sisi tunafanya tofauti: kila mjamzito na kila anayenyonyesha akikutwa na VVU aanze dawa siku hizo hizo na asiache maisha yake yote, mashine iwepo isiwepo. Wakaanza 2011. Wapo waliotilia shaka: gharama je, mama ataendelea kweli, dawa haitazoeleka? Katika robo moja ya mwaka kabla ya mpango, wanawake 1,257 walianzishiwa dawa. Kama mwaka mmoja baadaye, katika robo moja, walikuwa 10,663. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaingiza njia hiyo kwenye mwongozo wake, na 2015 likasema kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri.

Angalieni vizuri jinsi Malawi ilivyokataa. Hawakusema VVU haipo, wala hawakusema dawa ni sumu ya wazungu. Sayansi waliikubali yote, wakaongeza kitu ambacho mwandishi wa mwongozo hakuwa nacho: kuijua barabara, kuijua kliniki, kumjua mama. Halafu wakahesabu, wakaonyesha. Kukataa kwa namna hiyo tunakuheshimu.

NA WAKUU WA UONGO

Kwa upande mwingine kuna wale wanaovaa koti la mkuu. Mwaka 1995 hapa hapa Malawi mzee mmoja karibu na Liwonde, Billy Goodson Chisupe, alisema ameoteshwa dawa ya UKIMWI, mchape. Hakutoza pesa. Mamia ya maelfu ya watu walisafiri kwenda kunywa. Mwaka 2011 Tanzania ikapata ya kwake, Babu wa Loliondo, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile pale Samunge, kikombe kimoja shilingi 500. Foleni za magari zilikuwa ndefu na wagonjwa wengine walifia njiani, na wapo walioacha dawa zao za hospitali.

Ni rahisi kuwacheka. Lakini mnamo 1995 hospitali ilikuwa na nini cha kumpa Mmalawi mwenye UKIMWI? Karibu hakuna. Dawa za maana zilikuwa zinakuja, ila kwa bei ya Ulaya. Watu hukimbilia kikombe pale mlango mwingine ulipofungwa.

Na wakati mwingine mkuu wa uongo anatoka maabara kabisa. Mwaka 1990 taasisi ya utafiti ya Kenya, KEMRI, ilitangaza Kemron kuwa dawa ya UKIMWI, na Rais Moi mwenyewe akaizindua kwa shangwe. Walikuwa wanasayansi wa kweli, vyeti vya kweli. Tatizo ni kwamba jukwaa lilitangulia majaribio. Watafiti wengine walipoijaribu, Uganda wakiwemo, hawakuona faida. Mwanasayansi mmoja mwenye kipaza sauti si sawa na wengi waliokaguana.

MASWALI TUNAYOULIZA SASA

Baada ya kusoma yote haya tulikaa tukaandika maswali manne, kwa ajili yetu wenyewe.

1. Hili ni swali la aina gani? Kama ni "kitu hiki kinafanyaje kazi", tunamtafuta aliyelisomea. Kama ni "nani apate nini kwanza", tunakaa mezani na sisi.

2. Ni mmoja anasema au ni wengi waliokaguana? Je, wapo wasiojuana, wa nchi tofauti, wanaopata jibu lile lile?

3. Anaweza kutuambia ni kitu gani kingeonyesha kwamba amekosea? Mchape hauna jibu la swali hilo. Klorokwini ilikuwa nalo: wakahesabu, wakaiacha.

4. Tukimfuata na kumbe kakosea, tunapoteza nini? Na tukimkataa kumbe alikuwa sahihi, nani analipa? Mara nyingi anayelipa ni mtoto, na mtoto hakuulizwa.

Na kwenu wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba mambo mawili kwa heshima. Mtu akiwauliza "kwa nini", msiandike kwenye fomu kwamba "amekataa". Kuuliza bado hajakataa. Pale Beni, shirika moja la madaktari lilileta vyumba vya wagonjwa vyenye kuta za plastiki angavu, familia ikaweza kumwona mgonjwa wao na kuongea naye. Kuta zilizokuwa zinafichwa ndizo zilikuwa zinazaa uvumi wa viungo kukatwa. Jambo la pili: msitumie neno "sayansi" kufunga swali ambalo ni la bajeti. Tunalijua, hata tusiposema. Watu waliokimbia mara mbili au tatu wanajua haraka sana nani anawaficha kitu.

TULIRUDI KWA MAMA

Kampeni ya polio ilirudiwa mara kadhaa mwaka ule. Mzunguko uliofuata tulirudi kwenye mlango ule, na safari hii tulikuwa tumejiandaa.

Tulimwambia hivi. Mama, ulituuliza kwa nini tunakimbilia ugonjwa usioonekana. Polio ikiingia kwa watoto 200, kwa kawaida anapooza mmoja tu. Wale wengine 199 hawaonyeshi, ila wanaweza kuibeba na kuipitisha kwa njia ya choo na maji. Kwa hiyo mtoto mmoja aliyepooza Lilongwe maana yake kirusi kimeshapita kwa wengi. Sisi hapa tulipangiwa kambi ya watu kama elfu kumi hivi na tuko zaidi ya elfu hamsini, maji yetu unayajua. Ukisubiri uione, umechelewa.

Tukamwambia na lile ambalo kwenye karatasi ya timu halikuwepo. Matone haya yana kirusi kilichodhoofishwa. Mahali penye watoto wengi wasiochanjwa, mara chache sana kinazunguka kwa muda mrefu na kupata nguvu tena, na kwetu Kongo imetokea. Dawa yake ni watoto wengi wachanjwe, pasibaki pengo.

Alinyamaza. Akauliza kama sisi wenyewe tungempa mdogo wetu. Mmoja wetu akasema ameshampa, mwaka huo huo. Akauliza tena habari ya panadol. Tukasema, Mama, hapo uko sahihi, na matone haya hayajibu hilo.

Akamwita mtoto. Matone yakaingia, wino ukapakwa kidoleni. Halafu akatuambia: "Sawa. Mimi nimewasikiliza kwa ile ya polio. Ninyi sasa muende museme ile ya foleni, pale kwenye mkutano yenu na wakubwa. Musiogope."

Tulikwenda tukasema. Iliandikwa kwenye kitabu cha mkutano. Foleni bado ni ndefu, na kila tukipita mlangoni kwake anatuuliza imefikia wapi. Ana haki ya kuuliza. Polio ilitangazwa kwisha Malawi Mei 2024, na hilo tulimpelekea kama habari njema. Akasema asante, halafu akauliza tena habari ya foleni.